Mtaalamu Akija Kuuliza, Mwelezeni Ukweli

Miradi ya chakula vijijini huajiri mtaalamu kwa muda mfupi. Yeye haji kufundisha. Anakuja kujifunza kwetu: lipi limefaa, lipi halikufaa, na kwa nini.

Tukimwambia mazuri tu ili mradi usiondoke, mwaka ujao tutaletewa makosa yale yale. Njaa haidanganyiki.

Kumbukeni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitambuliwa mkoani Tabora. Wakulima walikuwa wamekwisha kumwona maghalani, wakamwita Scania, jina la lori kubwa. Wataalamu walipochunguza maghala ya wakulima, walijifunza kuwa hushambulia zaidi mahindi yaliyo kwenye magunzi. Ndipo ushauri ukawa: kausheni mahindi, yapukuchueni, kisha changanyeni na dawa ya ghala.

Basi kabla mtaalamu hajafika, fanyeni haya:

1. Andikeni katika daftari siku mliyopanda, magunia mliyovuna, na mwezi chakula kilipokwisha.

2. Akina mama nao waulizwe. Wao ndio wanaojua debe la mwisho lilitoka lini ghalani.

3. Msimpeleke kwenye mashamba mazuri tu. Afike na kwa aliyekosa mavuno.

4. Mwombeni asome aliyoyaandika mbele ya mkutano wa kijiji kabla ya kuondoka.

Kusoma na kuandika mmekwisha kujua. Sasa kalamu zenu zilinde chakula chenu.