Ujuzi wa Uchaguzi Ushuke hadi Kituoni

Tarehe 27 Novemba 2025, wananchi wa Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, walimchagua mbunge mpya. Uchaguzi huo mdogo ulikuwa miongoni mwa mitihani ya kwanza ya makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) walioapishwa Julai mwaka huo, baada ya Tume kukaa bila makamishna tangu Januari 2023.

Tume za uchaguzi duniani hazikosi kukutana na kupeana maarifa. Zile za nchi za SADC zina baraza lao tangu 1998. Na mwaka 2013 nyingi zaidi ziliunda chama cha ulimwengu huko Korea Kusini. Hilo ni jambo jema. Lakini yafaa tuulize: maarifa hayo humfikia nani? Mwenye kuyahitaji zaidi ni mwalimu wa Siakago anayesimamia kituo, na mwanafunzi aliyeajiriwa ukarani kule Maua.

Katika uchaguzi, neno moja laweza kuamua nani atawale. Mnamo Februari 2020, mahakama nchini Malawi ilibatilisha uchaguzi wa rais wa 2019, kama Mahakama ya Juu ya Kenya ilivyofanya Septemba 2017. Pamoja na kukemea fomu zilizofutwa kwa wino mweupe, majaji wa Malawi walifasiri neno la katiba lenye maana ya "wingi". Walisema wingi si kumpita kila mpinzani tu, bali ni kupata zaidi ya nusu ya kura. Fasiri hiyo ikabadilisha kanuni ya ushindi.

Hata kwetu yalitokea. Mwaka 2013 mshindi wa urais alipata asilimia 50.07 ya kura zote zilizopigwa, na mabishano yakazuka kama kura zilizokataliwa zihesabiwe katika jumla. Mahakama ya Juu iliamua zisihesabiwe.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotukwaza. Wengi husema "kura zilizoharibika" kwa mambo mawili ambayo sheria huyatenganisha. Karatasi iliyoharibika ni ile ambayo mpiga kura ameikosea, akairudisha kwa msimamizi kabla ya kuitumbukiza sandukuni, akapewa nyingine. Kura iliyokataliwa hutoka sandukuni wakati wa kuhesabu, ikaonekana haikidhi masharti. Asiyejua tofauti hiyo aweza kudhani kura yake imeibwa.

Basi tume za Kenya, Tanzania, Zanzibar na Uganda zikikutana, ziandae istilahi za pamoja za Kiswahili, lugha ambayo SADC iliifanya rasmi mwaka 2019. Kisha istilahi hizo zifafanuliwe kwa Kimeru, Kiembu na Kimbeere, ili bibi wa Igembe asitegemee tafsiri ya wakala wa chama.

Kweli, istilahi pekee haziponyi uchaguzi. Tanzania huendesha uchaguzi wake kwa Kiswahili, na bado damu ilimwagika katika machafuko ya Oktoba 2025. Haki haina badala. Lakini hata haki ikitendeka kwa lugha isiyoeleweka, huonekana kama hila.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tume nazo ziiname hadi kituoni. Nasi walimu na wanafunzi, ambao aghalabu ndio wasimamizi na makarani, tusingoje 2027 ifike ndipo tuanze kuulizana maana ya maneno.