VIDANJE KWA NYUMBA: MOTERI YA MAZUTU YA LEO HAISAMEHE

Kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, jamaa nyingi zinaishi kwa motokari moja. Ni yenyewe inapeleka baba kazini, inarudisha mama na mifuko ya unga, na siku ya posho inafanya teksi kusudi pesa ya masomo ipatikane. Moteri ikikufa, mambo mingi ya nyumba yanasimama.

Zamani kila kijana mwenye ufunguo na beseni alijua kufanya vidanje, ni kusema kumwaga mafuta ya zamani ya moteri na kutia mapya. Leo vijana wanauliza: hizi motokari za mazutu za kisasa, zenye ordinateri ndani, tunaweza kuzigusa sisi wenyewe? Ndiyo, munaweza. Kazi ya mikono haikubadilika sana. Ni moteri yenyewe iliyobadilika, na haivumilii tena mafuta ya ovyo.

MOTERI MBILI AMBAZO SI NDUGU

Angalieni ile Land Cruiser ngumu ya moteri 1HZ, tunayoiona kila siku barabarani. Moteri hiyo ilianza mwaka 1990: silinda sita, litri 4.2, bila turbo. Ukikawia kubadilisha mafuta, inalalamika, inatoa moshi, lakini inaenda. Njo maana watu wanaipenda mpaka leo.

Sasa fungua Hilux ao Prado yenye moteri 1KD, ya litri 3, iliyokuja na miaka ya 2000. Hapa pompa inasukuma mazutu ndani ya bomba moja la pamoja kwa nguvu ya zaidi ya bar 1,300. (Mupira wa motokari ndogo unashika bar 2 ao zaidi kidogo. Pima mwenyewe!) Halafu ordinateri njo inaamuru kila injekteri ifunguke saa gani. Namna hii ya moteri iliingia katika motokari ndogo za watu mwaka 1997, kule Ulaya. Pamoja nayo kuko turbo, na ndani ya turbo kuko chuma chembamba kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kinaelea juu ya ngozi nyembamba ya mafuta. Mafuta yakikosa, hata sekunde chache, chuma kinakula chuma.

Katika 1KD kuko jambo lingine ambalo kila mwenye kuwa nayo anapaswa kujua. Chini ya kila injekteri kuko rondeli ndogo ya kuziba, na nyingi ni za shaba. Sisi watu wa Katanga tunaijua shaba: ni laini, na kwa ulaini wake inaziba vizuri. Lakini rondeli ikichoka, moto na masizi ya silinda vinapita pembeni na kuingia ndani ya mafuta ya moteri. Mafuta yanakuwa mazito sawa lami. Vipande vigumu vinashuka mpaka ku chujio la pompa, kule chini ya karteri. Chujio likiziba, mafuta hayapande tena. Taa nyekundu ya mafuta inawaka ku tablo, na mara nyingi wakati inawaka moteri imekwisha kuumia.

Kwa hiyo siku ya vidanje ni siku ya kuangalia. Mafuta yakimwagika, yachunguze katika beseni. Ukiona punje nyeusi ngumu, sawa makaa yaliyosagwa, usitie mafuta mapya na kuenda zako. Mwite fundi aangalie rondeli za injekteri na chujio la chini. Rondeli ni vitu vya bei ndogo. Moteri nzima haiko hivyo.

KILOMETA NGAPI?

Vitabu vingi vya motokari vinasema kilometa 10,000, vingine 15,000 na zaidi. Lakini soma mpaka mwisho: vinaandika pia kwamba kwa kazi ngumu lazima kupunguza. Na kazi ngumu ni nini? Ni vumbi, ni safari fupifupi, ni mizigo mizito. Mutu anayefuata malori ya shaba na kobalti katika vumbi la kiangazi, ao anayefanya teksi ya kusimama na kuondoka siku nzima, iko katika kazi ngumu hata kama anavaa kravati. Kwake kilometa 5,000 ni hesabu nzuri. Mazutu nayo yanahesabika: yakiwa na sulfuri nyingi, yanaleta asidi ndani ya mafuta ya moteri na kumaliza nguvu yake mbele ya wakati.

Lakini musidanganywe na rangi! Kuko mafundi wanaovuta kile kijiti cha kupimia, wanaonyesha mama wa watu na kusema: "Ona, mafuta iko nyeusi, imeshakufa, tubadilishe." Moteri ya mazutu inatoa masizi, na kazi mojawapo ya mafuta ni kuyabeba masizi hayo yasishikane ku chuma. Mafuta mapya yanaweza kuwa meusi ndani ya siku chache. Weusi peke yake haumaanishe kitu. Fuata kilometa na tarehe.

HERUFI ZA BIDONI

Hapa njo pesa nyingi zinapotea. Ku bidoni kuko namba sawa 15W-40 ao 5W-30. Namba iliyo mbele ya W ni ya baridi: ikiwa ndogo, mafuta yanakimbia upesi asubuhi moteri ikiwa baridi. Namba ya nyuma inaonyesha uzito wake moteri ikiwa ya moto. Kwa 1HZ ya zamani 15W-40 ni mafuta ya kila siku. Kwa motokari ya kisasa, fungua kitabu chake na ufuate namba iliyoandikwa, hata kama jirani anacheka.

Namba peke yake haitoshe. Motokari nyingi za mazutu zinazotoka Ulaya zina filtri ya moshi, ile mafundi wanaita FAP. Peugeot ilianza kuiweka mwaka 2000 katika 607 yake. Filtri hiyo inakamata masizi, halafu inajipasha moto na kuyaunguza. Lakini mafuta ya moteri yakiungua yanaacha majivu, na majivu hayo hayaungui tena. Yanabaki na kujaza filtri. Ndiyo sababu motokari hizi zinaomba mafuta yenye majivu kidogo, na ku bidoni utaona ACEA pamoja na herufi C: C2, C3 na zingine. Ukitia mafuta ya lori la zamani, motokari itatembea vizuri leo na kesho. Ni kisha miezi mingi njo filtri itaziba, na hakuna mutu atakayekumbuka ile bidoni ya bei ya chini.

SASA KAZI YENYEWE

Chagua mahali palipo sawasawa, pasipo muteremko. Hilux na Prado ziko juu, mutu mwembamba anaingia chini bila kupandisha. Kama ni motokari fupi, kumbuka kwamba kriki ni ya kupandisha tu, haiko ya kuishikilia. Weka mbao pana na nzito chini ya shasi, funga magurudumu kwa mawe, na watoto wasikaribie. Usiingie chini ya motokari iliyosimama juu ya kriki peke yake, hata kwa dakika moja.

Washa moteri dakika tano, uzime. Mafuta ya vuguvugu yanashuka vizuri pamoja na uchafu, lakini yakiwa ya moto sana yataunguza mukono. Fungua mufuniko wa juu, kisha buloni ya chini, na uache mafuta yadondoke mpaka mwisho, dakika ishirini hivi. Ondoa filtri ya zamani na uangalie kama mupira wake umetoka nayo. Ukibaki ku moteri na ukaweka filtri mpya juu yake, mafuta yatamwagika yote barabarani. Paka mafuta kidogo ku mupira mupya, kaza filtri kwa mukono tu. Moteri zingine zina filtri ya karatasi ndani ya nyumba ya plastiki: hapo usitumie nguvu, plastiki inapasuka. Rondeli ya buloni ya chini, weka mupya.

Kutia mafuta ni kazi ya uvumilivu. 1KD inakunywa karibu litri 7 pamoja na filtri, lakini kila motokari ina kipimo chake. Tia pungufu kidogo. Washa bila kukanyaga, ngoja taa nyekundu izimike, angalia chini kama hakuna mahali panapovuja. Zima, ngoja dakika kumi, pima, ongeza kidogo kidogo. Motokari zenye kuhesabu vidanje ku tablo, lazima kurudisha hesabu ku sifuri kwa namna kitabu kinavyoonyesha.

MAFUTA YANAYOPANDA

Wazee walifundisha kwamba mafuta yanapungua tu. Katika motokari yenye FAP yanaweza kupanda! Wakati filtri inajipasha moto, ordinateri inatia mazutu ya ziada. Safari ikiwa fupi, mutu anazima moteri katikati ya kazi hiyo, na mazutu mengine yanashuka ndani ya karteri. Mafuta yanakuwa mepesi na yananuka mazutu. Ku Mazda zingine za mazutu kijiti kina alama ya X juu ya ile ya kujaa, kwa ajili ya jambo hilo.

Haiko mambo ya kuchekea. Mafuta yakipita kipimo sana, moteri inaweza kuyavuta ndani ya silinda na kuyachoma yenyewe. Itanguruma kwa nguvu yote, utoe ufunguo, na haitazimika. Kwa hiyo pima kila juma. Ukiona yamepita alama, badilisha hata kama kilometa hazijafika.

YALE YA ZAMANI

Beseni limejaa litri saba nyeusi. Watu wengine wanazimwaga ku mufereji, wengine wanapaka ku mbao sababu ya muchwa, wengine wanawashia moto wa makaa. Mafuta yaliyotumika yana madini yaliyokwaruzika ku moteri, na vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi kwa mwenye kuyagusa mara kwa mara. Moshi wake haufai karibu na sufuria ya chakula. Na mutaa ambao jamaa zinakunywa maji ya kisima, kile kinachomwagwa nyuma ya nyumba kinashuka kule kamba ya ndoo inashuka. Litri moja inatosha kuharibu maji mengi sana.

Yarudishe ndani ya bidoni, ufunge, uandike "mafuta ya zamani", na uweke mbali na watoto. Peleka ku garaji kubwa inayoyakusanya. Nawa mikono kwa sabuni, si kwa petroli, na kitambaa kilicholowa usikiweke katika mufuko wa suruali. Kama iko bidoni nyingine iliyobaki tupu, itoboe chini mbele ya kuitupa, kusudi mutu asiijaze mafuta ya ovyo na kuiuzisha kama mupya.