Salamu za Ruiru Zipitie Angani

Walimu wa fizikia huniuliza ni kitu gani kitakachowafanya wanafunzi wayaelewe mawimbi badala ya kuyakariri. Jawabu langu ni waya wa shaba wa mita 20, miti miwili na redio ya ridhaa.

Tuchukue shule mbili, moja Thika na nyingine Ruiru, mwendo wa matatu usiofika saa moja barabara ikiwa wazi. Waya huo ukitandazwa mlalo, mita chache juu ya ardhi, na redio ikiwekwa kwenye megahezi 7, sehemu kubwa ya mawimbi hupaa karibu wima. Kiasi cha kilomita 300 juu yetu, miali ya jua imezipokonya chembe za hewa elektroni zake. Tabaka hilo, yaani ionosfia, huyarudisha mawimbi chini kama mvua. Kwa hiyo salamu ya kwenda Ruiru husafiri takriban kilomita 600, tena kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde! Mvua iyo hiyo huinyeshea Nyeri, Garissa na hata Voi. Miinuko ya Murang'a na milima ya Nyandarua haiizuii, kwa kuwa sauti yashuka kutoka juu.

Edward Appleton alithibitisha kuwapo kwa tabaka hilo mwaka 1924, akatunukiwa Nobeli mwaka 1947. Usiku ukikomaa tabaka hudhoofika, mawimbi yakalipenya na kupotelea mbali. Hapo sharti kushuka hadi megahezi 3.5. Mwanafunzi aliyempoteza mwenzake hewani kwa sababu hiyo hahitaji kukaririshwa somo.

Najua watakaocheka kwamba rununu zimejaa mifukoni. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki, na majuma yayo hayo mafuriko yalikuwa yakiwahamisha Wakenya makwao. Redio hii haitegemei mnara wala waya wa baharini. Betri ya gari yaitosha.

Kibali hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na alama za wito za wanaredio wetu huanza kwa 5Z4. Shule zinazopata fedha za mitihani ya majaribio kila muhula zaweza kumgharimia mwalimu mmoja akipate. Miti ya kufungia waya haijaadimika Thika.