Hifadhi ya Taifa ya Saadani

Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko kwenye pwani ya Bahari Hindi, kati ya Bagamoyo na Pangani, katika mikoa ya Pwani na Tanga nchini Tanzania. Awali ilikuwa pori la akiba. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Upekee wake ni kwamba mbuga inafika hadi ufukweni: mgeni aliyeona twiga na tembo asubuhi anaweza kuoga baharini mchana. Katika mto Wami, unaoingia baharini hapo, watalii hupanda boti ili kuona viboko, mamba na misitu ya mikoko.

Kijiji cha Saadani kilikuwa bandari ya misafara katika karne ya 19. Mtawala wake, Bwana Heri, aliwapinga Wajerumani kwa silaha mwaka 1889.

Katika ufuko wa Madete, kasa hutaga mayai mchangani usiku. Watoto wao huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, nao hufuata mwanga wa bahari. Taa au moto wa ufukweni huwapoteza njia, wakafa kabla ya kufika majini. Kwa sababu hiyo, anayelala karibu na ufuko huo hana budi kuzima taa zake.