Uzito, Msuguano na Lori Mlimani

Kirando, katika Wilaya ya Nkasi, iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, iko zaidi ya meta 1,700. Hivyo lori lichukualo dagaa kutoka ziwani hulazimika kupanda, na lirudipo na mahindi hulazimika kuteremka. Mvua iloweshapo udongo, husemwa kwamba lori lenye shehena hushika njia kuliko lori tupu. Je, ni kweli?

Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba msuguano huongezeka kwa kadiri ya uzito unaokandamiza nyuso zinazogusana. Tuseme kwamba katika udongo wenye utelezi msuguano hauzidi 0.2 ya uzito huo.

Chukua lori tupu la kilo 4,000, yaani uzito wa nyutoni 40,000, ambalo injini yake huzungusha magurudumu ya nyuma tu. Ikiwa nusu ya uzito imeyaelemea magurudumu hayo, msuguano hautazidi nyutoni 4,000. Katika mlima uinukao meta 1 kwa kila meta 10, lori huvutwa kurudi chini kwa kani ya nyutoni 4,000 vilevile. Hakuna ziada, magurudumu yatazunguka bure. Sasa pakia kilo 6,000, hata nyutoni 70,000 kati ya 100,000 zielemee nyuma. Msuguano waweza kufikia nyutoni 14,000, na mvuto ni 10,000 tu. Lori litapanda, maadamu halizami topeni.

Katika kuteremka mambo hugeuka. Breki hushika magurudumu yote. Kwa hiyo uzito huongeza msuguano na mvuto kwa kadiri ileile. Liwe tupu au limejaa, lori liendalo kilometa 36 kwa saa halitasimama kabla ya meta 50. Katika mteremko huohuo wenye lami kavu, ambapo msuguano ni kama 0.7, meta 9 zingetosha.

Basi shehena husaidia kupanda, bali si kinga ya kuteremka. Kinga ni mwendo mdogo: mwendo ukipunguzwa nusu, umbali wa kusimama huwa robo. Naye utingo atandazaye changarawe mbele ya matairi huongeza ile 0.2 yenyewe, jambo ambalo shehena haiwezi.

Jaribio: Weka kipande cha mti juu ya ubao, uinue ncha moja ya ubao polepole mpaka kipande kiteleze. Pima kimo cha ncha hiyo kutoka mezani, ukigawanye kwa umbali wa mlalo kati ya ncha mbili za ubao. Kisha funga jiwe juu ya kipande, urudie. Linganisha majibu mawili, na ueleze sababu.