Kipeo, Kipeuo na Maana ya Kurahisisha

Maneno kipeo na kipeuo yanatofautiana kwa herufi moja tu. Lakini herufi hiyo ikidondoka katika karatasi ya mtihani, jibu zima hugeuka. Kipeo cha pili cha 16 ni 256, kwani 16 imezidishwa kwa 16. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 16. Mfasiri na msahihishaji wa chapa hawana budi kuilinda herufi hiyo.

Istilahi nyingine ihitajiyo uangalifu ni kurahisisha. Katika mazungumzo ya kila siku, kurahisisha jambo ni kulipunguzia ugumu, hata kama sehemu yake itaachwa. Katika hisabati hakiachwi kitu: sura ya mtajo hubadilika, thamani yake hubaki ile ile. Tuchukue √72. Namba 72 ni zao la 36 na 2, na 36 ni namba mraba, kwa kuwa ni 6 × 6. Kipeuo cha pili cha zao ni sawa na zao la vipeuo; kwa hiyo √72 = 6√2. Hapo kazi imekwisha, maana 2 haina kigawo kilicho namba mraba ila 1. Mwanafunzi aandikaye 8.485 hakurahisisha, bali amekadiria. Kwa sababu hiyo, mtunga mtihani asitumie “rahisisha” na “kadiria” kana kwamba ni neno moja.

Faida ya kurahisisha huonekana tunapojumlisha. √50 na √18 hazionekani kuwa na uhusiano wowote. Zikirahisishwa huwa 5√2 na 3√2, na jumla yake ni 8√2. Vivyo hivyo, sehemu 1/√2 huandikwa √2/2 baada ya kiasi na asili kuzidishwa kwa √2, ili asili ibaki bila kipeuo.

Kanuni ya zao, hata hivyo, haihusu jumla, na hapa lugha yenyewe yaweza kumpotosha mwanafunzi. Mwalimu akisoma kwa sauti “kipeuo cha pili cha 9 jumlisha 16”, darasa halitajua alama ya kipeuo inaishia wapi. Kipeuo cha pili cha jumla ya 9 na 16 ni 5. Jumla ya vipeuo vya pili vya 9 na 16 ni 7. Kiswahili kinayo njia ya kuzitenganisha maana hizi mbili, nayo ni kuliweka neno “jumla” mahali pake.

Basi, kabla ya kupitisha swali lolote la namna hii, na lisomwe kwa sauti mbele ya mtu asiyeliona. Akiandika alichosikia, na alichoandika kikalingana na asili ya swali, istilahi zimefanya kazi yake.