Kubandua Lebo Kuukuu Bila Kuchana Jalada



Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, na ngamia mmoja aliweza kubeba vitabu kama 400. Siku hizi vikundi na shule hupata pia vitabu vya msaada. Vingi ni vikuukuu, na jalada bado lina lebo ya maktaba ya kwanza, pengine imeziba hata jina la kitabu. Basi mtu anatia kucha, anavuta, na jalada lote linakuja nayo!

Je, ni lazima itoke? Kitabu cha kuazima kiacheni na lebo yake, ni mali ya wenyewe. Lakini kama ni chenu, fahamuni kwamba gundi ya unga ni chakula cha mende, na mende akimaliza gundi anaendelea na jalada.

Gundi ya zamani ilipikwa kwa unga, au kwa ngozi na mifupa. Zote hulainika kwa maji. Taabu ni kwamba jalada la karatasi nalo hulainika, kwa hiyo unyevu uende kwenye lebo peke yake, pole pole. Jaribuni kwanza: guseni pembe isiyoonekana kwa pamba yenye maji kidogo. Rangi ikitoka, acheni kabisa. Isipotoka, pikeni uji wa unga wa ngano, mzito usiodondoka. Ukipoa, pakeni juu ya lebo bila kuvuka ukingo, kisha funikeni kwa kipande cha nailoni, maana kwa joto letu la Kotile uji utakauka kabla haujafanya kazi. Baada ya dakika 10 hivi, inueni ncha moja kwa kisu butu. Ikikataa, pakeni tena. Msilazimishe.

Ikitoka, futeni uji na gundi yote kwa pamba iliyokamuliwa sana. Wekeni karatasi nyeupe juu na chini ya jalada (si gazeti, wino wake huhama), kandamizeni kwa ubao na jiwe mpaka kesho.

Lebo za kujibandika zenyewe hazisikii maji. Hizo wekeeni karatasi, pitisheni pasi ya vuguvugu sekunde chache, gundi italegea. Mafuta ya taa huacha doa na harufu. Petroli msiiguse, mvuke wake hudaka moto hata jiko likiwa mbali.

Lebo yenye muhuri au tarehe msiitupe. Itieni kwenye bahasha ndani ya kitabu chake.